Tathmini ya huduma ya akika Dar es Salaam: kipimo cha kwanza ni hesabu ya siku ya saba

Familia nyingi za Dar es Salaam siku hizi haziwezi tena kusimamia peke yao akika, yaani kumchinjia mtoto aliyezaliwa. Nyumba za kupanga hazina ua wa kuchinjia, vijana wanashinda kazini, na wazee waliojua kumchagua mbuzi kwa kumtazama meno wanazidi kupungua. Nafasi hiyo imezibwa na vikundi vya wachinjaji na wapishi wanaopokea kazi yote, kuanzia kumnunua mbuzi mnadani Pugu hadi kulifikisha sinia la pilau mlangoni pa jirani. Nimekitumia kikundi kimoja cha namna hiyo, chenye ofisi ndogo Buguruni, kwa akika ya mjukuu wangu wa kike, na ndugu zangu wamekitumia kwa watoto wao kwa nyakati tofauti. Jina lake silitaji, kwa kuwa katika nitakayoyaeleza yamo ya kusifu na ya kulaumu, na nia yangu ni kumsaidia msomaji ajue la kuangalia kwa kikundi chochote atakachokiendea.

Nilipopiga simu, kijana aliyepokea alitoa salamu na pongezi, kisha akauliza: "Bibi, mtoto amezaliwa siku gani, na ilikuwa kabla ya magharibi au baada yake?" Hakuanza na idadi ya mbuzi wala ya wageni. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalomtenganisha anayeifahamu akika na anayeuza nyama kwa jina la akika, na kikundi hiki kimelijengea utaratibu wake wote, jambo ambalo sijaliona kwa wengine ambao majirani zangu wamewatumia.

Sababu ya swali hilo ni hii. Hadithi iliyopokewa na Samura bin Jundub inaeleza kwamba mtoto huchinjiwa siku ya saba, akanyolewa nywele na kupewa jina. Siku ya saba haiwezi kujulikana mpaka ijulikane siku ya kwanza, na katika hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapozama, si usiku wa manane kama inavyosomeka kwenye simu zetu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu tangu Lamu hadi Kilwa, kauli yenye nguvu ni kwamba siku ya kuzaliwa huhesabiwa ikiwa mtoto amezaliwa mchana, na ikiwa amezaliwa usiku basi hesabu huanzia mchana unaofuata. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi alasiri hufikisha siku ya saba Jumatano, na mwenzake aliyezaliwa Alhamisi hiyo hiyo baada ya adhana ya magharibi hufikisha siku ya saba Alhamisi ya juma linalofuata. Saa moja tu ya tofauti wodini inahamisha shughuli nzima kwa siku moja.

Mjukuu wangu alizaliwa Alhamisi saa 12:55 jioni, kwa mujibu wa maandishi ya mkunga kwenye kadi. Dar es Salaam jua huzama takriban kati ya saa 12:10 na saa 12:50 kwa kutegemea miezi, kwa hiyo hakukuwa na shaka kwamba magharibi ilikuwa imekwishaingia. Nyumbani wifi yangu alishikilia Jumatano, kwa kuwa kwake Alhamisi ni Alhamisi, na baba wa mtoto alikuwa tayari ameomba ruhusa kazini kwa siku hiyo. Kijana wa Buguruni alieleza hesabu kwa upole, akamsomea wifi siku moja baada ya nyingine kuanzia Ijumaa mpaka Alhamisi, kisha akaongeza jambo ambalo lilinipendeza zaidi: kwamba wafuasi wa madhehebu ya Maliki hawaihesabu siku ya kuzaliwa ikiwa mtoto amezaliwa baada ya alfajiri, na kwamba kwa mtoto wetu hesabu zote mbili zinakutana Alhamisi. Mtoa huduma anayeweza kukuonyesha kwamba kuna kauli nyingine, na asiitumie kukuvuruga, ni wa kuthaminiwa.

Kwa wateja wanaowasiliana nao kwa ujumbe, kikundi hiki hutuma kadi yenye tarehe ya siku ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na moja, kila moja ikiwa na tarehe ya kawaida na tarehe ya Kiislamu. Kadi ni safi na inasomeka, ila tarehe ya Kiislamu ningeiondoa. Hesabu ya siku ya saba haitegemei mwandamo wa mwezi hata kidogo. Inategemea siku za juma na kuzama kwa jua. Kuiweka tarehe ya mwezi kunawafanya watu waingie katika mabishano ya kufungua na kufunga ambayo hayahusiani kabisa na mtoto, na nimeshuhudia familia moja ya jirani ikisitasita kuchinja kwa sababu misikiti miwili ilikuwa na tarehe tofauti, ilhali Jumatatu yao ilikuwa Jumatatu kwa misikiti yote miwili.

Nafika sasa kwenye lawama yangu kubwa, ambayo nayo ni ya wakati. Tulipokwisha kukubaliana juu ya Alhamisi, msimamizi wa kikundi, ambaye si yule kijana wa simu, alinipigia na kujaribu kunishawishi tusogeze hadi Jumapili. Alisema Jumapili wageni wanapatikana, wapishi wake wote wapo, na bei ya usafiri inapungua kwa sababu wanakuwa na kazi nyingine upande wetu wa Tabata. Kila sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli kwake. Hata hivyo Jumapili ilikuwa siku ya kumi, ambayo si ya saba, wala ya kumi na nne, wala ya ishirini na moja, na hakulitaja hilo mpaka nilipomuuliza. Ni kweli kwamba wakati wa akika kwa Mashafi ni mpana: huanza mtoto anapokamilika kuzaliwa na huendelea mpaka anapobaleghe, na aliyechinja siku ya kumi hajaharibu kitu. Lakini upana huo umewekwa kwa ajili ya mzazi asiye na uwezo au mwenye udhuru. Haukuwekwa kwa ajili ya ratiba ya gari la mpishi. Mteja asiyejua angekubali, na angeukosa ubora wa siku ya saba pasipo kufahamu kwamba alikuwa nao mkononi. Nilikataa, na kwa haki niseme kwamba baada ya kukataa hawakutukunjia uso wala kuongeza bei.

Wale ambao kweli hawawezi siku ya saba wanayo nafasi nzuri baada yake. Imamu Tirmidhi ametaja kwamba wanazuoni walipendelea siku ya saba, ikishindikana ya kumi na nne, na ikishindikana ya ishirini na moja. Mpwa wangu, ambaye mkewe alijifungua kwa upasuaji na kubaki hospitali, aliichagua siku ya kumi na nne kupitia kikundi hiki hiki, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mama aliyetoka kushonwa hana haja ya kelele za masufuria dirishani pake.

Asubuhi ya Alhamisi yetu ndipo nilipouona ubora wa utaratibu wao. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja kuwa inapendeza akika ichinjwe mwanzoni mwa mchana, na kikundi hiki huchinja mara baada ya jua kuchomoza, katika uwanja wao, mbele ya mwakilishi wa familia. Usiku wa kuamkia siku hiyo walinipigia kuuliza jina kamili la mtoto. Nilikuwa nimelitarajia swali hilo, lakini nyumba nyingi hazilitarajii, na hapa ningependa kumshauri kila anayepanga tarehe: mchinjaji, baada ya bismillahi na takbiri, hutaja kwamba hii ni akika ya fulani, kwa hiyo jina linatakiwa liwe limekubaliwa kabla kisu hakijashuka. Familia zinazopanga kumaliza mjadala wa jina mbele ya wageni saa 7 mchana zimekwishachelewa. Kijana wa kwanza alitueleza hili siku tatu kabla, akasema waziwazi, "Bibi, jina tulipate kabla ya sala ya isha, ili asubuhi tusisubiriane." Jambo dogo kama hili liliokoa nyumba yetu na mvutano, maana upande wa baba walikuwa na jina lao na upande wa mama walikuwa na lao.

Hapa naomba kueleza kidogo juu ya jina na siku, kwa sababu watu wengi huamini kwamba mtoto akipewa jina kabla ya siku ya saba kuna kosa. Hakuna kosa. Mtume alimpa mwanawe jina la Ibrahim usiku ule ule aliozaliwa, kama ilivyo katika hadithi ya Anas, na Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu unaofahamisha kwamba asiyekusudia kuchinja humpa mtoto jina mapema, na anayekusudia huweza kungoja siku ya saba. Hili lina manufaa kwa hospitali zetu, ambapo tangazo la kizazi huandikwa mapema na mzazi huulizwa jina akiwa bado kitandani. Sheria ya Tanzania Bara inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, hutoa cheti kwa kutumia tangazo hilo, kwa hiyo aliyeamua kungoja siku ya saba ana muda wa kutosha bila kukimbizwa, mradi ahakikishe kwamba jina litakalotajwa kwenye akika na litakaloandikwa kwenye cheti ni moja, kwa herufi zile zile. Kikundi cha Buguruni hakihusiki na cheti, lakini wangefanya vyema kulitaja hilo kwenye kadi yao badala ya tarehe ya mwezi.

Baada ya kuchinja walipiga simu nyumbani, na hapo ndipo kinyozi alipoanza kazi, kwa kuwa mpangilio unaopendekezwa na Mashafi ni kuchinja kwanza, kisha kunyoa. Katika akika nyingi nilizohudhuria mtoto hunyolewa wakati wowote kinyozi anapofika, na mbuzi huchinjwa wakati wowote mchinjaji anapofika. Kuziunganisha kazi mbili zilizo katika sehemu mbili za jiji kwa simu moja ni jambo rahisi, lakini linahitaji mtu mwenye kulijali. Kichwa cha mtoto kilipakwa zafarani, tukafukiza udi, na shangazi yake akambeba huku wanawake wakimswalia Mtume.

Upande wa mbuzi sina lawama. Masharti ya mbuzi wa akika ni yale yale ya mnyama wa Idd: asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe mgonjwa wala amekonda hadi mifupa kukosa uboho. Umri ndio unaodanganya watu. Kwa Mashafi kondoo hutosha akitimiza mwaka mmoja, lakini mbuzi hutakiwa atimize miaka miwili, na wauzaji wengi hupitisha mbuzi wa mwaka mmoja kwa sababu madhehebu mengine yanamkubali na kwa sababu nyama yake ni laini. Msimamizi alimfungua mbuzi kinywa mbele ya mwanangu, akamwonyesha meno makubwa ya mbele na kumweleza jinsi yanavyobadilika jozi kwa jozi kadiri mnyama anavyokua. Kwa mtoto wa kike tulichinja mmoja. Kwa mtoto wa kiume hadithi ya Ummu Kurz inataja wawili, na kikundi hiki husema wazi kwamba mzazi asiye na uwezo wa wawili achinje mmoja, wala hawamshinikizi kukopa ili afikishe wa pili. Nawapongeza kwa hilo.

Jambo walilolifanya vibaya ni fedha ya nywele. Imepokewa kwamba Bi Fatuma alipima nywele za watoto wake na kutoa sadaka madini ya fedha ya uzito huo, na kikundi hutangaza kuwa hushughulikia pia upimaji. Walichokileta ni mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga na sukari, na nywele za kichanga zilipowekwa juu yake haikuonyesha kitu chochote. Kijana akakadiria. Makadirio hayana dhambi, na aliyetoa zaidi ya uzito amefanya hisani, lakini ukishaitangaza huduma unapaswa kuwa na chombo chake. Nywele za mtoto wa siku saba ni nyepesi mno na zinahitaji mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu. Sisi tuliziweka nywele kwenye bahasha na kuzipeleka kwa sonara mchana ule ule, akazipima bila malipo na kutuambia bei ya fedha kwa gramu siku hiyo, kisha thamani yake tukaikabidhi kwa mjane wa mtaani kwetu. Kiasi kilikuwa kidogo sana kwa pesa za leo, na ndiyo sababu wengi huongeza juu yake kwa kadiri ya moyo.

Chakula kilikuwa kizuri, lakini kilichelewa. Ahadi ilikuwa saa 6:30, ili watu wapate kula kabla ya adhuhuri au mara tu baada ya sala. Masinia yalifika watu wakiwa wamekwisha kusali na kuketi jamvini kwa muda mrefu. Msimamizi alieleza kuwa foleni ya Barabara ya Mandela iliwashika, na sote tunaijua barabara hiyo, ila anayeijua zaidi yetu ni yeye anayeipita kila siku. Pilau lenyewe lilikuwa la mkono wa mpwani hasa: viungo vimekolea bila kuwasha, mchele haukushikana, na nyama ilikatwa kwenye maungio bila mifupa kuvunjwa, kama inavyopendekezwa katika akika kwa kumtakia mtoto usalama wa viungo vyake. Niliwauliza mapema kuhusu mifupa, nikidhani wangeshangaa, lakini mchinjaji wao alinijibu kwamba hakuna shoka katika kazi ya akika, ni kisu tu. Walitupikia pia sehemu moja ya nyama kwa kitu kitamu, tende na zabibu kavu, kwa kufuata kauli ya wanazuoni wanaopendelea akika ipikwe na utamu kwa kumbashiria mtoto tabia njema. Watoto waliimaliza kwanza.

Walifanya jambo jingine ambalo sikuliomba na ambalo limebaki moyoni mwangu. Walilitenga paja moja likiwa bichi, wakalifunga vizuri, na kuniuliza mkunga aliyemzalisha mtoto yuko wapi. Kumpa mkunga paja la akika ni katika mambo yanayopendekezwa, na zamani mtaani kila mtu alilijua kwa sababu mkunga alikuwa jirani. Leo mkunga ni mtumishi wa zamu hospitalini, na familia huondoka wodini bila hata kulishika jina lake. Binti yangu alikuwa analikumbuka. Paja lilipelekwa, na shukrani aliyoituma mama yule kwa simu ilikuwa ndefu kuliko hotuba zote za siku hiyo.

Kuna suala la ngozi, ambalo kila mteja anatakiwa kulisimamia kabla ya kulipa. Katika bei ya kwanza niliyotumiwa kulikuwa na maneno kwamba ngozi, kichwa na utumbo ni vya mchinjaji. Hilo halifai. Katika hadithi ya Ali, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume alimkataza asimlipe mchinjaji ujira wake kutoka katika mnyama wa sadaka, na wanazuoni wetu wanaipima akika kwa kipimo hicho hicho: ngozi haiuzwi wala haiwi mshahara. Ujira hulipwa kwa pesa, na mchinjaji akitaka kupewa nyama, hupewa kama sadaka au zawadi baada ya kulipwa haki yake kamili. Nilipolieleza hili, waliandika bei upya, ujira ukiwa peke yake na ngozi ikiwa ya familia, na tofauti haikuwa kubwa. Ngozi tuliipeleka madrasa. Kinachonisumbua ni kwamba bei ya kwanza ndiyo wanayoituma kwa kila mtu, na kikundi kinachojua hukumu ya mifupa na ya paja la mkunga hakikosi kuijua hukumu ya ngozi.

Wanayo pia huduma ya arobaini. Katika desturi yetu mama mzazi hukaa ndani siku arobaini, hula uji wa pilipili manga na supu, kisha hutolewa nje pamoja na mtoto kwa maulidi na karamu. Familia nyingi husogeza kila kitu, akika na jina pamoja, hadi siku hiyo, ili zipate wageni wengi na mama awe amepata nguvu. Ushauri waliotupa, ambao nauunga mkono kwa moyo wote, ulikuwa kuvigawa: kuchinja, kunyoa na jina vifanyike siku ya saba kwa watu wa nyumbani na majirani wa karibu, na barzanji, viti na turubai vingoje arobaini. Kwa namna hiyo siku ya saba hubaki ndogo na tulivu, mama hulazimika tu kuketi chumbani na kupokea dua, naye hupata nafasi ya kwenda kliniki katika juma hilo la kwanza bila kuburutwa na shughuli. Isitoshe Mashafi wanaona ni bora nyama ya akika ipelekwe kwa maskini ikiwa imekwisha kupikwa kuliko kuwaita waje mlangoni pako, na shughuli ndogo inairuhusu kazi hiyo. Sisi tulipeleka nusu ya pilau kwa kituo cha watoto yatima.

Kuhusu misimu, waulize mapema. Siku ya saba ikiangukia Ramadhani, wao huchinja baada ya alasiri na kupeleka chakula kama futari, utaratibu ambao wifi yangu mwingine aliutumia na ukafana. Wakati wa Idd el-Haji bei ya mbuzi hupanda na foleni ya kuchinja huwa ndefu. Hapo msimamizi hupendekeza mbuzi mmoja awe wa Idd na wa akika kwa nia mbili. Suala hilo wanazuoni wa Kishafi wamehitilafiana: Ramli ameliruhusu, na Ibn Hajar al-Haytami amelikataa. Ningependa kikundi kimweleze mteja kuwa hitilafu ipo kabla ya kupokea pesa zake. Katika masika wana turubai moja tu la kupikia, na hilo halitoshi.

Wateja wao wengine wako Muscat, Dubai na London, nao huagiza akika ichinjwe huku kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa huko. Binamu yangu aliye Uingereza alifanya hivyo. Walimuuliza saa ya kuzaliwa na saa ya magharibi ya mji wake, wakaihesabu siku ya saba kwa jua la huko alikozaliwa mtoto, na siku ilipofika walimwonyesha uchinjaji kwa simu ya video huku jina likitajwa. Jua huzama mapema sana Uingereza wakati wa baridi na kuchelewa sana wakati wa kiangazi, kwa hiyo mtu anayehesabu kwa saa ya Dar es Salaam angekosea mara nyingi, na nafurahi kwamba hawa hawakukosea.

Sisi tulilipa jumla ya shilingi 480,000: 230,000 za mbuzi, na 250,000 za mchele, viungo, kuni, ujira wa mchinjaji na wapishi, pamoja na usafiri hadi Tabata. Kianzio ni nusu, risiti inatolewa, na kianzio kinaweza kulipwa hata mtoto hajazaliwa, kwa kutaja mwezi unaotarajiwa. Mbuzi hutengwa, lakini hachinjwi mpaka taarifa ya uzazi ifike, na wako sahihi katika hilo, kwa kuwa aliyechinjwa kabla ya mtoto kuzaliwa ni nyama tu. Ukiwapigia, ongea na ofisi asubuhi, uwe na kadi ya hospitali mkononi yenye saa ya kuzaliwa, omba bei iliyoandikwa upya bila ngozi ndani yake, na wape saa ya chakula iliyo mapema kuliko ile unayoitaka kweli.